Shajara ya meza ya mitumba, Morogoro 2024: kilichotoka na kilicholala

10 Februari 2024: mtaji na kanuni tatu

Mimi ni fundi cherehani, Kihonda. Januari mikono haitoshi kwa sare za shule, Februari kibaraza kinakuwa kimya. Mwaka huu sitaki kukaa kimya nacho. Nina Sh 1,500,000: laki tisa ni akiba ya sare, laki sita ni mgao wa kikoba. Nataka kujua kwa hesabu yangu mwenyewe ni bidhaa gani iliyotumika inayotoka haraka katika mji huu, na namna ya kuiuza. Kila mtu niliyemuuliza alinipa jibu tofauti, na hakuna aliyenionyesha daftari.

Kanuni mbili nimezipanga mwenyewe. Kila shilingi inaandikwa, hata chai ya stendi ya Msamvu. Chakula cha nyumbani kinatoka kwenye cherehani, si kwenye mtaji huu.

Ya tatu nimepewa na mama mdogo, aliyeuza dagaa Buguruni zaidi ya miaka kumi. Nilipomweleza mpango aliniambia, "Mwanangu, dagaa wakikaa wanaoza, unaona na unanusa. Nguo haiozi. Ndiyo maana inadanganya watu." Kwa hiyo kila mzigo utaandikwa tarehe mbili: siku uliponunuliwa na siku kipande cha mwisho kilipoondoka.

17 Februari: belo la kwanza, blauzi za kike

Nililala kwa mama mdogo, saa kumi na moja alfajiri nikawa Karume, Ilala. Soko hili liliungua Januari 2022 na sasa limejaa tena kiasi kwamba unapita upande. Nilinunua belo la kilo 45 la blauzi kwa Sh 430,000. Guta 5,000, mzigo kwenye basi 15,000, bajaji hadi nyumbani 5,000, nauli yangu kwenda na kurudi 20,000. Jumla 475,000.

Nililifungua jioni ileile, mlango nimefunga. Vipande 262. Niligawanya 475,000 kwa 262 nikapata Sh 1,813 kwa kipande, nikalala na furaha. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, na nitaieleza polepole kwa sababu nadhani ndiyo inayoua mitaji mingi.

Asubuhi nilipanga mafungu matatu juu ya mkeka. Nzuri kabisa, za kuning'iniza: 71. Za kati, rangi imepauka kidogo au kifungo kimoja hakipo: 118. Zilizobaki 73 hazikuwa za kuuza: madoa ya kwapani, zipu zilizokufa, na nyingi zilikuwa pana mno na nzito, za nchi za baridi. Gharama yangu kwa kipande kinachouzika haikuwa 1,813. Ni 475,000 kwa vipande 189, yaani Sh 2,513. Ukipanga bei kwa hesabu ya kwanza, utakuwa unauza kwa hasara huku unadhani unapata.

Kosa la pili niliona nilipoangalia vizuri karatasi ya nje ya belo. Mikanda ilikuwa imekazwa upya. Mkanda wa kiwandani unabana mpaka unaingia kwenye nguo na alama yake inabaki; huu ulikuwa juu juu, na ngozi ya nailoni ilishonwa pembeni kwa uzi wa rangi nyingine. Belo lilishafunguliwa, nguo bora zikatolewa, likafungwa tena. Muuzaji sikurudi kumtafuta, maana risiti haikusema lolote kuhusu yaliyomo, ila sasa kabla ya kulipa nazunguka belo lote, napitisha vidole kwenye mikanda na kwenye mishono, na naomba lipimwe mbele yangu.

9 Machi: blauzi zimeishia wapi

Wiki tatu. Za fungu la kwanza zilitoka 58 kwa wastani wa 4,000, ni 232,000. Za kati 64 kwa 1,500, ni 96,000. Zilizobaki za mafungu hayo mawili, 67, nilizipeleka gulioni nikazimwaga chini kwenye turubai, buku buku, zikaisha kabla ya adhuhuri: 67,000.

Katika zile 73 zisizouzika nilichagua 20 pana zenye kitambaa kizuri nikazikata magauni ya watoto. Jioni tano. Yaliuzwa 3,000 kila moja, 60,000, nikitoa uzi na zipu za 9,000. Zilizobaki nilimpa fundi magari kwa 8,000 awe na matambara. Jumla mkononi 454,000. Hasara 21,000, bila kuhesabu jioni zangu tano ambazo ningeshonea kazi za wateja. Kwa mafundi wenzangu wanaofikiria kununua nguo mbovu ili wazikate: kata yale yaliyokuja na mzigo, usiende kununua kwa ajili hiyo. Kufumua mshono wa kiwandani kunakula muda kuliko kushona nguo mpya.

23 Machi: nguo za watoto, kwa kuchagua

Safari hii sikununua belo. Karume alfajiri, wenye mabelo wanapofungua, muuzaji anapanda mezani, ananyanyua nguo mojamoja na kutaja bei, na wachuuzi wanainua mikono. Nilisimama karibu na meza mbili za watoto na kuchukua vipande 120, wastani 2,200 kila kimoja, jumla 264,000. Nauli, mzigo, bajaji na chakula 35,000. Kila kipande kimenifikia kwa Sh 2,492.

Angalia namba hiyo vizuri. Blauzi za belo zilinifikia kwa 2,513 kwa kinachouzika. Nguo za kuchagua, zinazosemwa ni ghali, zimenifikia kwa pungufu kidogo ya hapo na hakuna hata moja ya kutupa.

Nilichagua magauni ya sherehe, mashati ya kola na suruali ndogo, miaka miwili hadi minane. Idi iko karibu. Jamaa mmoja alinivuta pembeni kunionyesha furushi la chupi na vesti za watoto kwa bei ya kutupa. Nilikataa. TBS, shirika la viwango, imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hata kama isingekuwa hivyo, nisingemvalisha mwanangu.

13 Aprili: baada ya Idi

Idi ilikuwa Aprili 10. Mpaka usiku wa kuamkia sikukuu vipande 104 vilikuwa vimeondoka kwa wastani wa 4,500, ni 468,000. Vile 16 vya mwisho nilivishusha hadi 2,500 usiku huohuo, 40,000, kwa kuwa nilijua asubuhi vitakuwa nguo za kawaida. Jumla 508,000. Faida 209,000 kwa siku 18.

Kilichosaidia zaidi ni kupanga kwa umri na si kwa aina. Mama anayekuja na mtoto wa miaka minne hataki kuona magauni yote, anataka kuona vyote vya miaka minne. Nilitundika kamba nne, kila kamba na kipande cha boksi kilichoandikwa umri. Wengi walinunua vipande viwili au vitatu kwenye kamba moja bila kuhamia nyingine.

25 Mei: belo la watoto, mvua na madeni

Baada ya Idi nilijiamini nikanunua belo zima la watoto, 520,000, na gharama za njiani 45,000. Jumla 565,000. Mikanda ilikuwa ya kiwandani, vipande 340, ubora mzuri. Belo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kalenda. Masika ya mwaka huu yalikuwa makali, siku nyingi meza ilikaa chini ya turubai, na wazazi walishanunua za Idi.

Hapo nilijaribu njia mbili za kuuza bila meza. Ya kwanza, mali kauli. Nilimpa kila mmoja wa akina mama wawili wanaotembeza bidhaa maofisini Mazimbu vipande 20, tukakubaliana bei yangu, kinachozidi ni chao, hesabu kila Ijumaa. Walilipa vyote. Ya pili, kuwakopesha wateja mwenyewe hadi mwisho wa mwezi. Sasa hivi Sh 31,000 ziko kwa watu, na kila ninapopita wanaanza wao salamu ili nisiulize. Tofauti ninayoiona ni kwamba mchuuzi wa mali kauli anahitaji mzigo wa wiki ijayo, kwa hiyo ana sababu ya kulipa. Mteja aliyekwisha kuvaa nguo hana. Tangu leo sikopeshi mvaaji.

Belo limekwisha siku ya 41. Mkononi 782,000, faida 217,000. Faida inalingana na ile ya Idi, lakini pesa iliyowekwa inakaribia mara mbili na siku ni zaidi ya mara mbili. Mama mdogo alisema nguo haiozi. Mei nimeona kilichooza: siku zenyewe.

8 Juni: viatu

Jozi 24 za raba za mtumba, nimechagua kwa 9,000 kila jozi, 216,000, na 30,000 za njiani. Nilichagua kwa macho. Ndiyo makosa mawili kwa pamoja.

La kwanza ni namba. Raba nzuri zaidi pale sokoni zilikuwa 44 hadi 46, na zilikuwa nafuu. Zilikuwa nafuu kwa sababu wanaume wengi wanaokuja kwangu wanavaa 40 hadi 42. Jozi 14 za namba za kawaida ziliondoka kwa siku 11 kwa 18,000 kila moja, 252,000. Jozi saba kubwa zililala.

La pili ni soli. Kijana alinunua raba nyeupe, safi kabisa, kama haijawahi kuvaliwa. Siku ya tatu alirudi nayo mkononi. Soli ya katikati, ile laini kama sponji, ilikuwa imepasuka na kumwagika unga. Sikubishana, nikamrudishia 18,000 zake. Wiki hiyohiyo akarudi mwingine. Nilimpelekea fundi viatu wa Msamvu akanieleza vizuri: soli hizo nyepesi zinazeeka zikiwa zimehifadhiwa tu, unyevu wa hewa unaila polepole ndani, hata kama mguu haujawahi kuingia. Kwa hiyo kiatu kinachoonekana kipya kabisa lakini ni cha mtindo wa zamani ni cha kuogopwa zaidi ya kilichovaliwa kidogo.

Jinsi ya kupima, kama alivyonifundisha: bonyeza soli kwa kidole gumba upande wa kisigino. Ikirudi haraka, nzuri. Ikibaki na shimo, ikinata, au ikiacha vumbi kidoleni, acha. Kisha kikunje kiatu mara tatu na usikilize. Nilirudi nyumbani nikabonyeza zilizobaki. Jozi tatu zikafeli, nikazitupa badala ya kuziuza. Zile saba kubwa alizichukua mchuuzi wa Dodoma kwa 11,000 kila jozi. Baada ya kurudishia watu 36,000, mkononi 293,000. Faida 47,000, ambayo ingekuwa kubwa zaidi kama ningekuwa na kidole gumba mapema.

29 Juni: masweta, Nyandira

Juni watu wa Morogoro mjini wanajifunika khanga asubuhi na saa nne wameshaivua. Lakini Mgeta, juu Uluguru, baridi ni baridi, na wakulima wa kule wana pesa ya kabichi, karoti na njegere. Nilishangaa kuona kwamba Karume mwezi huu masweta ya watoto na majaketi yanauzwa kwa bei ndogo, kwa sababu Dar hakuna anayeyataka.

Nilikwenda Dar kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 14, Sh 13,000 kwenda na 13,000 kurudi. Mzigo nilituma kwa basi, 10,000. Vipande 80 kwa 3,000, ni 240,000. Gari la kupanda Mgeta 16,000. Jumla 292,000.

Siku ya gulio la Nyandira, hukohuko Mgeta, nilitandika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watu walikuja, wakashika, wakauliza bei, wakaondoka. Hadi saa tatu nilikuwa nimeuza vitatu tu. Nikaanza kushusha bei: kutoka 7,000 hadi 5,000. Bado. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu yangu na vikapu vya njegere akaniambia, "Mwanangu, acha kushusha. Bado hatujauza."

"Shikamoo bibi. Mnauza saa ngapi?"

"Marahaba. Magari ya mjini yakijaa ndipo tunashika hela. Ngoja."

Nilirudisha bei kwenye 6,500. Kuanzia saa nne malori yalipoanza kulipia kabichi, wale wale walioshika asubuhi walirudi. Mpaka saa nane vipande 47. Bibi mwenyewe alichukua jaketi la mjukuu wake, na lile nilimpa kwa 4,000. Gulio lililofuata nilimaliza 33 vilivyobaki. Ukijumlisha safari ya pili 16,000 na ushuru 2,000, gharama ni 310,000. Mauzo 480,000. Faida 170,000 kwa siku nane.

Anayetaka kuiga hili, siri haipo kwenye sweta. Ulizia kwanza wanunuzi wako wanashika pesa saa ngapi na siku gani, ndipo upange saa ya kutandika. Asubuhi ile nilikuwa karibu kuuza kwa hasara kwa watu waliokuwa wanasubiri tu kulipwa.

13 Julai: vitu vya wanafunzi

Wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa, wanamaliza mwaka na waliohitimu wanauza vyumba vizima. Nilipita hosteli za mtaani siku nne na kununua mitungi mitano ya gesi ya kilo 6 na vichomeo vyake (125,000), majiko manne ya gesi ya plate mbili (88,000), feni sita (90,000), vitanda vitatu vya chuma (105,000), vitanda viwili vya mbao (60,000) na meza ndogo nane (64,000). Jumla 532,000, usafiri 38,000. Nimekodi chumba cha jirani kwa 20,000 kwa mwezi. Mpango ni kuviuza wanafunzi wapya watakaporipoti Novemba.

Magodoro nimekataa yote, hata ya bure.

3 Agosti: mapazia, na volti 100

Mambo mawili.

Belo la mapazia, 480,000 na 45,000 za njiani. Vipande 58. Mwanzoni nilitaka kuuza kipande kimoja kimoja kwa wanaotaka, na baada ya siku mbili nikagundua ningeachanisha pea ambazo zisingepata mwenza tena. Nilisimamisha. Nilifua yote, nikapiga pasi, nikapima upana na urefu, nikabandika vipimo kwa karatasi ya gundi kwenye kona. Pea zimepatikana 22. Zilizobaki 14 nitazikata mapazia mafupi ya jikoni na kuyatia ringi. Hapa ufundi wangu unalipa kwa kweli: pazia lisilo na ringi watu wanaligusa tu, likiwa na ringi na limetundikwa limekunjamana wanasimama.

Kufua na kupiga pasi nilikujaribu pia kwa blauzi mwezi Machi, haikuongeza bei. Wanawake walinusa sabuni wakadhani nimevaa mimi. Pazia ni tofauti, mtu analiona tayari lipo sebuleni kwake.

Jambo la pili linaniuma. Dar nilipita kwenye yadi inayofungua makontena ya Japani nikanunua vitu sita vya umeme kwa 150,000: majiko mawili ya umeme ya kupikia wali, brenda mbili, redio mbili. Muuzaji alivijaribu vyote mbele yangu, vikawaka. Jiko la kwanza niliuza kwa 45,000 kwa dada mmoja wa Mazimbu. Jioni alirudi na jiko limefungwa kwenye kitenge, linanuka kuungua. Alikuwa amelichomeka, likapiga moshi, umeme wa nyumba ukakata.

Nilimrudishia pesa zote, nikampelekea fundi umeme wa mtaani aangalie kama kuna kilichoharibika kwenye waya zake. Fundi aliligeuza jiko chini, akanionyesha bamba dogo: 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, wa kwetu 230. Mle yadini muuzaji alikuwa amevichomeka kwenye transforma ya kushusha umeme iliyokuwa chini ya meza, na mimi nikaangalia taa badala ya waya.

Fundi alinipa kanuni ambayo sasa iko ukurasa wa kwanza wa daftari. Geuza kifaa, soma bamba. Kikiandikwa 100V au 120V peke yake, kiache, hata kiwe kizuri namna gani. Transforma ya kubeba jiko la watt mia kadhaa ina uzito na bei kuliko jiko lenyewe. Kikiandikwa 100-240V, kama chaja nyingi, kinakubali umeme wetu, unabadilisha plagi tu. Vitu vya Uingereza ni volti 230 na plagi ya meno matatu ya bapa kama yetu, ndiyo maana watu wanavipenda. Kati ya sita zangu, redio mbili zilikuwa na adapta ya 100-240V, niliziuza 35,000 kila moja. Vingine vinne nimemwachia fundi kwa vipuri, bure. Hasara 80,000.

Alinieleza pia la friji, kwa faida ya atakayenunua iliyotumika: ikisafirishwa imelazwa, isimamishe na uiache saa nyingi, bora usiku mzima, kabla ya kuwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa.

31 Agosti: kunguni

Niliona madoa meusi madogo kama ncha ya kalamu kwenye upindo wa pazia jeupe. Nikasogeza boksi, nikaona mwenyewe anatembea. Walitoka kwenye viungo vya vile vitanda viwili vya mbao, ambavyo nilivihifadhi chumba kimoja na mapazia. Nilikataa magodoro kwa kuogopa hilohilo, nikasahau kwamba ufa wa mbao ni nyumba yao pia, na kwamba wanaweza kukaa miezi bila kula.

Nilisimamisha mauzo ya mapazia siku hiyohiyo. Pea tatu zilikuwa zimeuzwa wiki iliyotangulia. Niliwapigia simu wote watatu, nikawaeleza, nikawaomba waanike na kufua kwa maji ya moto, au warudishe wachukue pesa. Ilikuwa aibu kubwa kwangu. Mmoja alirudisha. Wawili walisema hawajaona kitu na wakashukuru kwamba nimepiga, na mmoja wao ameshaniletea shemeji yake.

Kilichofanya kazi: mapazia yote kwenye maji ya moto, kisha ndani ya mifuko myeusi iliyofungwa, juu ya bati, jua la siku mbili kamili. Joto ndilo linaloua, mayai pia. Vitanda vya chuma nilivimwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo. Chumba nilipuliza dawa mara mbili, wiki moja katikati. Vitanda vya mbao sikuviuza wala sikumpa mtu. Nilivipasua na kuvichoma nyuma ya nyumba. Sh 60,000 zimekwenda na moshi, dawa na sabuni 25,000, na siku 14 bila kuuza pazia hata moja.

14 Septemba: mapazia yamekwisha

Pea 22 kwa 30,000, ni 660,000. Vipande vya jikoni 14 kwa 8,000, ni 112,000. Mkononi 772,000. Ringi, uzi na sabuni 46,000 juu ya 525,000. Faida 201,000, na zile za dawa nimeziandika kwenye vitanda, ambako ndiko zilikotoka. Siku 42, ambazo 14 ni za kunguni.

Pea nyingi ziliuzwa kwa status ya WhatsApp: picha moja limetundikwa, picha moja ya karatasi ya vipimo, na bei imeandikwa. Nilipoweka picha bila bei, watu waliuliza na kupotea. Nilipoandika bei na vipimo, aliyeandika ujumbe alikuwa tayari ananunua. Malipo kwa simu kabla bodaboda haijaondoka.

9 Novemba: wanafunzi wamerudi

Vyote vimetoka ndani ya siku sita. Feni sita kwa 28,000 ziliondoka siku mbili za kwanza, Morogoro ilikuwa inachoma. Mitungi mitano kwa 40,000, majiko manne kwa 38,000, vitanda vya chuma vitatu kwa 65,000, meza nane kwa 15,000. Jumla 835,000. Gharama 570,000 na kodi ya chumba ya miezi minne 80,000. Faida 185,000, kabla ya kutoa 25,000 za dawa.

Mzazi mmoja aliyemleta binti yake kutoka Kilosa alinunua jiko, mtungi na meza kwa mara moja, akaniuliza kama nina pazia la dirisha la hosteli. Sikuwa nalo. Hilo nimeliandika kwa kalamu nyekundu.

Usiku nimepanga mizigo mitano yenye faida kubwa kwa faida ya kila siku niliyokaa nayo. Masweta ya Nyandira Sh 21,250 kwa siku. Watoto wa Idi 11,611. Belo la watoto wakati wa mvua 5,293. Mapazia 4,786, na kama si kunguni yangekuwa juu zaidi. Vitu vya wanafunzi, siku 119, Sh 1,555 kwa siku kabla ya kutoa dawa. Kabla ya kuandika hivi ningeapa kwamba vitu vya wanafunzi ndivyo vilivyonilipa, kwa sababu pesa iliingia kwa wingi na kwa mara moja. Laki sita na nusu zilikuwa zimelala chumbani kuanzia Julai huku nikipita karibu nazo kila siku.

Nitanunua tena vya wanafunzi mwakani, ila feni, mitungi na majiko tu, vinavyoingia chini ya meza ya kukatia, bila kukodi chumba. Robo ya mtaji, si zaidi.

16 Novemba

Jana usiku nimeongea na mama mdogo, nitalala kwake Ijumaa. Jumamosi alfajiri Karume, meza za watoto, magauni na mashati ya Krismasi vipande 150, kwa kuchagua. Kamba nimeongeza ya tano, ya miaka tisa na kumi, kwa sababu ndiyo waliyoiuliza Idi na sikuwa nayo. Vipande sita vya pazia la upana wa mita moja na nusu nimemwagiza mchuuzi wa mali kauli aniangalizie. Zile 31,000 za Mei, zimerudi 14,000.